Sinema ya Bure na Mbuzi wa Wenyewe

Sinema yenyewe ilikuwa ya bure. Mimi ilinigharimu beberu mmoja mwenye afya, miezi minne ya kungoja, na binamu mzima. Nasema mzima kwa maana kwamba hakukatwa kiungo. Kuhusu kichwa chake nitaeleza.

Siku hizo nilikuwa nafanya biashara ya mbuzi. Unatembea hadi Zombe, unanunua kwa Waislamu wanaoshusha mifugo kutoka kaskazini-mashariki, unawaswaga mpaka Matiliku, na kama Mto Athi haukula faida yako njiani, unauza. Kanuni yangu ilikuwa moja: hesabu kabla ya kulipa, hesabu tena baada ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukirudia hesabu. Anayekasirika ana sababu yake.

Lakini mbuzi wa biashara ni wa biashara. Wako njiani, hawana kwao, unaweza kuwahesabu mpaka wachoke. Mbuzi wa boma ni jambo lingine kabisa. Kwetu Ukambani mbuzi wa boma hahesabiwi kwa mdomo, wala ng'ombe, wala watoto. Mwenyewe anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Akipotea mmoja anaona pengo, kama ulimi unavyojua jino limetoka. Kutaja idadi yao kwa sauti ni kumwita anayekuja kupunguza. Na mwaka ule anayekuja kupunguza hakuwa pepo. Alikuwa serikali. Serikali ilisema mifugo yetu imezidi majani, na ilikuwa imeanza kutuma watu wenye kalamu kupita boma kwa boma. Majani yenyewe hakuna aliyeyahesabu, lakini tuliambiwa yamepungua.

Hapo katikati mimi nilikuwa na shughuli yangu. Kulikuwa na msichana wa upande wa Kathonzweni aliyeleta vyondo, vile vikapu vya kusokotwa, kuuza Matiliku. Nilijaribu kumshusha bei siku tatu za soko, akakataa siku zote tatu, hata kwa senti moja. Nikaona mtu kama huyu ni hasara kumwacha upande wa pili wa meza. Niliongea naye, akakubali, kwa masharti. Kilichobaki kilikuwa kupeleka mbuzi watatu wa ntheo kwa baba yake. Hao watatu ndio ndoa kwetu. Kabla yao msichana ni wa baba yake, hata mkiwa mmekubaliana vipi. Baada yao ni wako, hata mkigombana vipi.

Basi ndipo lilipokuja lori la sinema.

Lilisimama uwanja wa soko Matiliku na shuka nyeupe ikafungwa kati ya nguzo mbili. Picha zilikuwa bubu, kwa hiyo walikuja na mkalimani wao, kijana wa kaki aliyeshika bomba la bati la kupazia sauti. Giza lilipoingia, injini ya lori ikanguruma, na pale shukani akatokea Mzungu mwembamba, nywele zimesimama kama kichaka kilichotishwa.

"Huyu mtu," mkalimani akapaza, "amezaliwa na akili kupita watu wote wa nchi yake! Hakufundishwa na mtu! Alitoka nayo tumboni mwa mama!"

"Na chanuo je?" bibi mmoja mbele yangu akauliza. "Alilisahau humo humo?"

"Kimya, mama! Hii ni elimu."

Tukaelimishwa. Mwenye akili alitoka nje na kiatu kimoja. Mkewe alimwekea chakula, naye akachukua chaki akaandika juu ya meza kuzunguka sahani, akapita kando ya mkewe, akaandika mlangoni. Mke akalia. Majirani wakamcheka. Kisha mchungaji akapitisha kundi kubwa la kondoo mbele ya dirisha, na yule mtu, mikono nyuma, akatupa jicho moja tu, akaandika idadi yao kwenye kioo.

Hapo uwanja ulinyamaza. Haukuwa unyamavu wa kustaajabu.

Tajiri mmoja wa mle pichani hakuamini, akaweka dau. Wakawapitisha kondoo langoni mmoja mmoja, mtu anawagusa kwa fimbo na kuhesabu. Wanaume walioketi nami wakaguna. Mzee mmoja alijifunika blanketi kichwani akasema, "Wamewamaliza." Idadi ikawa sawasawa, tajiri akashika kichwa chake, mfalme akamvisha mwenye akili nishani kifuani, na sinema ikaisha.

Kondoo wale hawakuonekana tena. Angalieni ninyi wenyewe jinsi jambo linavyokwenda: wanahesabiwa, halafu picha inahamia kwa mfalme, na hakuna anayesema walifikia wapi. Matiliku walijadili kwa wiki kadhaa ni ugonjwa gani uliowaua. Wengi walisema ni wa mapafu.

Tangu hapo nimeona sinema nyingi za watu wa akili, Machakos na hata Nairobi, nyingine kwa kulipa. Ni ile ile. Nywele, chaki, dirisha, mwanamke analia, wajinga wanacheka, halafu wajinga wanapiga makofi. Mwenye akili anasahau kila kitu isipokuwa kutokea siku ya nishani. Shati lake ni safi kila picha, na hatuonyeshwi nani alilifua. Sijaona hata moja ambamo mwenye duka anabisha mlango wake kuulizia sukari aliyochukua. Labda picha hizo zipo, zinaonyeshwa kwa wenye maduka peke yao.

Mkalimani alifunga kwa swali: "Je, hapa kwenu hakuna mtu kama huyu? Serikali inatafuta vijana wenye akili!"

Hakuna aliyejibu. Swali la serikali linaloanza na "je, hapa kwenu hakuna" huishia na mtu kubeba mzigo. Lakini binamu yangu, aliyekaa kulia kwangu, aliinua mkono polepole akagusa nywele zake, akazichafua kidogo.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, mtu mzima mwenye ndevu. Alikuwa amekaa miaka michache katika shule ya misheni na akarudi na penseli moja na kutoelewana na jembe. Asubuhi iliyofuata hakuchana nywele. Siku ya pili akatoka na kiatu kimoja. Siku ya tatu nikakuta ghala la shangazi limechorwa makaa toka chini mpaka kwenye majani ya paa, tarakimu na alama. Nilipomwuliza maana yake, alinitazama kwa huruma.

Nikamwendea shangazi. "Shangazi, huyu leo hakwenda shamba."

"Usimwite shamba. Amesahau."

"Amesahau nini?"

"Anasahau hata kula, mwanangu. Akili ndiyo inamkula."

"Na hili bakuli tupu ni la nani?"

Shangazi akalitazama bakuli. "Ni lake. Alisahau kwamba amesahau."

Watu wa kanisa walimwombea, kundi moja akili ikae, kundi lingine itoke. Mimi nikamchukua hadi Zombe, nikidhani mwendo ungemrudisha. Niliponunua mbuzi wangu wa ntheo kwa Mwislamu mmoja mrefu niliyezoea kugombana naye bei, binamu alisimama kando, kiatu kimoja, anatazama mawingu.

"Huyu ana nini?" yule mtu akaniuliza.

"Ana akili nyingi."

"Aa." Akafikiri. "Kwetu, mtu akisahau kiatu tunampa ngamia mmoja, waende malishoni wawili tu. Akirudi na ngamia, kweli ana akili. Akirudi bila ngamia, ni mgonjwa. Ngamia akirudi peke yake, basi tunajua akili ilikuwa ya nani."

"Huna ngamia wa kuazima?"

"Kwa huyu? Hapana, rafiki. Bei ya mbuzi naweza kupunguza. Ngamia wangu nampenda."

Sasa, siku ya ntheo ilipofika, ilikuwa twende watu watatu. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo msemaji alikuwa baba yangu mdogo, pamoja na mzee mmoja wa ukoo na mimi. Lakini shangazi alikuja kwa kaka yake asubuhi na mapema akasema mtoto wake lazima aende. "Wajue kwamba ukoo wetu si wa mbuzi tu," alisema. Baba mdogo akanitazama. Kubishana na dada yake ni safari ndefu kuliko ya Kathonzweni. Tukaenda wanne.

Mzee, baba wa msichana, alitupokea vizuri. Tulikaa karibu na lango la boma, wanawe wawili wamesimama nyuma yake, na mazungumzo yakaanza kama yanavyoanza, kwa mvua, kwa njia, kwa afya ya watu wasiojulikana na upande wowote. Mtu anayeoa siku hiyo ni kama mzigo. Anabebwa, anawekwa chini, haongei. Hilo kwangu lilikuwa adhabu. Nilisikia baba mdogo akikubali mambo ambayo mimi ningeyazungukia mpaka jioni, nami nimekaa nimefumba mdomo kama gunia.

Lakini ilikuwa inakwenda. Mbuzi watatu walikuwa wametazamwa meno, na mzee hakuona la kusema. Kibuyu cha asali kilikuwa kimepokelewa. Bado neno moja tu la mzee, na msichana angekuwa mke wangu.

Ndipo mifugo ikarudi kutoka malishoni.

Waliingia langoni kwa vumbi na kelele, mbuzi mbele, ng'ombe nyuma. Binamu yangu akasimama. Akaweka mikono nyuma. Nilimwona, nikajua, na sikuweza kusema. Akatupa jicho moja, kama lile la dirishani, na kwa sauti ya mkalimani mwenye bomba la bati akatangaza idadi ya mbuzi wa mzee. Kisha ya ng'ombe. Kisha, kwa kuwa watoto walikuwa wamekimbia kuja kumtazama mtu mwenye kiatu kimoja, akatangaza na ya watoto.

Idadi hizo siziandiki hapa. Mzee amekwisha kufa, lakini mbuzi wale wana wajukuu.

Tena alikosea! Nilikuwa nimekwisha kuwahesabu mwenyewe kwa macho, mara mbili, mdomo umefungwa, kama mtu mwenye adabu.

Kule jikoni mwanamke alipiga yowe, na watoto wakaitwa ndani. Mzee hakuinuka. Aliuliza polepole, "Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wa dada yangu," baba mdogo akasema. "Amesoma kidogo."

"Sikuuliza amesoma nini. Ametumwa na nani?"

Hapo ndipo tulipoona tuliposimama. Mzee hakumwona mpumbavu. Alimwona mtu wa kalamu, ameletwa bomani kwake chini ya kivuli cha mbuzi watatu.

"Hakutumwa, mzee mwenzangu. Ni mambo ya sinema tu."

"Huyo Sinema ni chifu wa wapi?"

Baba mdogo akafuta jasho. Alijaribu njia nyingine, na nilimsifu moyoni, maana ilikuwa nzuri. "Mzee, mtu aliyekosea idadi hakuhesabu. Amepiga kelele tu, kama kunguru."

"Nani amesema amekosea?"

Ili kusema amekosea, lazima uwe umehesabu. Baba mdogo alinitazama. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu, na hata hivyo sikuvihesabu.

"Sijakosea!" binamu akasema. Mwenye akili alikuwa ametukanwa. "Wapitisheni langoni mmoja mmoja, mtu awaguse kwa fimbo, mtaona!"

Mwana mkubwa wa mzee akaokota rungu. Mzee akamzuia kwa kidole, kisha akatuambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, "Chukueni mbuzi wenu. Jua bado lipo, mtafika."

Nilikuwa na la kusema. Ninaapa nilikuwa nalo, lilinijaa mdomoni kama maji ya moto: kwamba mtu aliyejua mali yako hafukuzwi, anafungwa karibu. Lakini kama ningelisema mimi, lingekuwa tishio, na anayeoa kwa tishio anaishi na shemeji wenye rungu. Baba mdogo alikuwa ameanza kunyanyuka. Nikaona vyondo, na soko, na miaka yote ya kupatana bei na watu wasiojua kukataa.

Msichana akatoka na kibuyu kumjazia baba yake pombe. Hakunitazama. Alimimina taratibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Baba, hawa wageni wakiondoka sasa, wanaondoka na nini?"

"Na mbuzi wao."

"Na nini tena?"

Mzee alitazama lango.

"Njia ya kwenda Matiliku inapita penye wale wa kalamu," msichana akaendelea. "Mtu aliyefukuzwa ana mdomo mwepesi. Mkwe hana mdomo." Akamaliza kumimina, akaingia ndani.

Mzee alikunywa. Alikunywa kama mtu anayeonja bei. Mwishowe akamwambia baba mdogo, "Mbuzi wenu waingie. Lakini boma langu litatakaswa, na beberu wa kutakasa ni wenu."

Hatukuwa tumekuja na beberu. Mzee alikuwa naye mmoja wa kuuza. Nilimnunua kwa bei yake, maana mtu aliyekatazwa kuongea hawezi kupatana, na mzee alilijua hilo kabla yangu. Jirani anayejua kazi ya kutakasa akaitwa, akachanganya vilivyomo tumboni mwa beberu na majani yake, akanyunyizia lango, mifugo na watoto. Binamu alinyunyiziwa kupita wote, mpaka nywele zikalala. Nadhani jirani yule alifurahia kazi.

Tulipoinuka kuaga, mzee akaweka mkono begani mwa binamu. "Mkwe hana mdomo. Huyu anao. Huyu anabaki hapa."

"Mimi si mchungaji!" binamu akasema.

"Nani amesema utachunga? Wewe utasahau tu, kama desturi yako. Ila utasahau upande ule wa mbuzi."

Msichana naye angebaki kwa baba yake mpaka wenye kalamu wapite. Ndiyo ile miezi minne. Nilirudi na mke wa ahadi na bila binamu, na shangazi alinipokea njiani.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Amepata kazi, shangazi."

"Umemuuza! Umeuza kichwa cha ukoo kwa ajili ya muuza vyondo!"

Kwa haki, ni mimi niliyelipa. Lakini hesabu za namna hiyo shangazi hakuzitaka.

Katika miezi hiyo, usiniulize ni siku gani, baadhi ya mifugo ya mzee ilikuja kulala kwangu, na mingine kwa jamaa zake, kama ilivyo desturi ya watu wenye mkwe. Kisha wenye kalamu wakafika. Msichana ndiye aliyenisimulia. Walimkuta binamu langoni, nywele juu, kiatu kimoja. Karani akamwuliza, "Wewe, mbuzi wa hapa ni wangapi?"

Mwana mkubwa alikuwa na rungu lake. Binamu alitazama mawingu, akatazama mbuzi, akamtazama karani kwa ile huruma niliyoijua.

"Nimesahau," akasema.

Karani akamwambia mwenzake kwamba hapa wana mwendawazimu, wakaandika walichokiona, na walichokiona kilikuwa kidogo. Kwa jirani, ambaye hakuwa na mkwe wala mwendawazimu, walichukua ng'ombe. Mpaka leo sijui kama binamu alitumia akili siku ile au kama alikuwa amesahau kweli. Mke wangu anasema vyote viwili ni kitu kimoja. Nimekataa, yeye amekataa, na bei hiyo hatujapatana.

Basi akaja kwangu, mke wangu, pamoja na vyondo vyake na masharti yake. Nilidhani mambo yamekwisha. Baada ya mavuno nikamwona mzee mwenyewe anakuja kwa miguu kutoka upande wa Kathonzweni, peke yake, jambo lisilo la kawaida. Nikamwekea kiti. Akauliza mvua. Akauliza njia. Akauliza afya ya watu tusiowajua.

"Mkwe," akasema mwishowe, "yule mtu wenu."

"Amefanya nini tena, baba?"

"Hakufanya kitu. Anataka kuoa. Binti yangu mdogo." Akakohoa. "Nimemwuliza mbuzi wa ntheo wako wapi. Anasema hana. Anasema kwenye ile sinema yenu hakuna aliyemdai mwenye akili mbuzi. Anasema yeye ataleta akili."

Nyuma yangu mke wangu alifunika mdomo kwa kanga na kuingia ndani haraka.

"Na binti anasemaje?"

"Binti amemchana nywele." Mzee alisema hivyo kama mtu anayetangaza ugonjwa. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi nimezeeka nikipokea vitu vya kushikwa pembe. Wewe ni mtu wa soko, unajua bei za huku na za kule. Nishauri bila kunionea aibu: akili kama ile, ukiipeleka Zombe siku ya soko, wale watu wa kaskazini watakupa mbuzi wangapi?"